Canning Town na Mnara wa Ronan Point

Mashariki ya jiji la London, mahali mto Lea unapoingia katika mto Thames, upo mtaa uitwao Canning Town. Ni mtaa wa watu wa kazi tangu mwanzo wake. Bandari ya Victoria ilifunguliwa karibu nao mwaka 1855, ikafuatwa na bandari ya Albert mwaka 1880, na ile ya King George V mwaka 1921. Bandari hizo tatu zilikuwa kama maziwa makubwa yaliyochimbwa na mikono ya watu, nazo zilipokea ngano, tumbaku, sukari na nyama iliyogandishwa kutoka pande nyingi za dunia. Makuli, mafundi wa meli na wafanyakazi wa viwandani walijazana katika nyumba ndogo za matofali, zilizoshikana ukuta kwa ukuta kando ya njia nyembamba.

Msafiri afikaye huko siku hizi haoni makuli. Bandari zilifungwa kwa meli za mizigo mwaka 1981. Kando ya maji sasa kuna jumba kubwa la maonyesho, na katikati ya bandari mbili umejengwa uwanja wa ndege. Treni ya njia ya Elizabeth, iliyoanza kazi mwaka 2022, humshusha abiria katika stesheni ya Custom House. Akielekea kaskazini kwa njia ya Freemasons Road, baada ya mwendo mfupi wa miguu hufika karibu na njia iitwayo Butchers Road. Hapo huona nyumba za matofali zenye chini na juu tu, na bustani ndogo ndogo. Mtu asiyejua habari zake angepita bila kugeuza shingo.

Lakini mahali hapo ndipo liliposimama jengo ambalo kuanguka kwa pembe yake kulibadili sheria za ujenzi za Uingereza, na kuwafunza wahandisi wa nchi nyingi. Jengo hilo liliitwa Ronan Point. Habari yake, ukiitazama vizuri, ni habari ya sakafu: jinsi sakafu inavyotengenezwa, inavyosafirishwa, inavyopandishwa juu, na zaidi ya yote, jinsi inavyofungwa na ukuta unaoibeba.

HAJA YA NYUMBA

Watu wa upande huo wa London walikuwa wamekwisha kuyajua maafa. Tarehe 19 Januari 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kiwanda cha baruti huko Silvertown, upande wa pili wa bandari, kililipuka na kuua watu 73, na maelfu ya nyumba zikaharibika. Tena tarehe 7 Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilianza kuzipiga bandari kwa mabomu, usiku baada ya usiku. Vita vilipokwisha mwaka 1945, mitaa mizima ilikuwa vifusi, na nyumba nyingi zilizosalia zilikuwa mbovu, zenye unyevu na zisizo na bafu.

Kila halmashauri ya mji ilitakiwa ijenge upesi. Ardhi ilikuwa chache, waashi walikuwa wachache, na watu waliongojea nyumba walikuwa wengi. Kwa sheria ya mwaka 1956 Serikali ilizipa halmashauri msaada mkubwa zaidi wa fedha kadiri jengo lilivyozidi kwenda juu. Kwa hiyo macho ya halmashauri yaligeuka kutoka nyumba za chini yakatazama minara. Mwaka 1965 miji ya East Ham na West Ham iliunganishwa kuwa wilaya moja ya Newham, na halmashauri hiyo mpya ikarithi orodha ndefu ya watu waliokuwa wakingojea makao.

Ndipo lilipokuja swali la fundi: mnara wa ghorofa 22 utajengwaje upesi, kwa waashi wachache?

SAKAFU ITOKAYO KIWANDANI

Ili msomaji aelewe jibu lililopatikana, yafaa kwanza aikumbuke kazi ya sakafu ya kawaida ya ghorofa. Mafundi husimamisha miti mingi chini, juu yake hupanga mbao, juu ya mbao hufunga nondo za chuma, kisha humwaga zege, yaani simiti iliyochanganywa na mchanga, kokoto na maji. Halafu hungoja. Zege hushika mapema, lakini nguvu zake za kuhesabiwa hupimwa siku ya 28, na miti ya chini haiondolewi ovyo. Mvua ikinyesha, kazi husimama. Ghorofa ya pili hungojea ya kwanza, na ya tatu hungojea ya pili.

Sakafu ya kiwandani huondoa sehemu kubwa ya kungoja huko. Zege humwagwa ndani ya vyombo vya chuma chini ya paa, mvua isipofika, na vipimo vyake hupimwa kila siku na watu wale wale. Bamba likiisha kushika huinuliwa, likapakiwa kwenye lori, likapelekwa mahali pa kujengea. Kreni hulipandisha na kulilaza juu ya kuta au mihimili, na kazi ya siku nyingi hutimizwa kwa saa chache.

Mabamba hayo ni ya namna nyingi. Yako yaliyo mazito, yenye ukubwa wa chumba kizima. Yako yenye mashimo marefu ndani yake, mfano wa mianzi iliyopangwa sambamba. Haya kwa kawaida huwa na upana wa mita 1.2. Bamba la namna hiyo lenye urefu wa mita 6 na unene wa sentimita 20 lingekuwa na uzito wa karibu tani 3 na nusu kama lisingekuwa na mashimo. Kwa ajili ya mashimo uzito hupungua hata kufika karibu tani 2, wala nguvu zake hazipungui kwa kadiri hiyo. Sababu yake ni kwamba zege la katikati ya unene wa bamba hufanya kazi ndogo katika kuzuia bamba lisipinde. Kazi kubwa hufanywa na uso wa juu, unaobanwa, na uso wa chini, unaovutwa.

Na kwa kuwa zege ni hodari wa kubanwa lakini ni dhaifu wa kuvutwa, mafundi huweka chuma upande wa chini. Mhandisi Mfaransa, Eugène Freyssinet, aliongeza maarifa mengine, akapewa hati ya ugunduzi wake mwaka 1928. Waya za chuma kigumu huvutwa kwanza kwa nguvu nyingi, kama kamba ya upinde, kisha zege humwagwa kuzizunguka. Zege likiisha kushika, waya hukatwa mwishoni. Waya zikitaka kurudi katika urefu wake wa kwanza, hulibana zege pamoja nazo. Bamba lililobanwa hivyo huweza kuvuka chumba kipana bila nguzo katikati.

Maarifa hayo yote ni mema. Lakini bamba lililotengenezwa kiwandani hupungukiwa na jambo moja ambalo sakafu iliyomwagwa mahali pake huwa nalo bila kuombwa. Sakafu iliyomwagwa pamoja na mihimili yake huwa mwili mmoja. Nondo za sakafu huingia ndani ya mhimili, na za mhimili huingia ndani ya nguzo. Bamba la kiwandani hufika peke yake. Likilazwa juu ya ukuta, hukaa pale kwa uzito wake tu, mpaka fundi alifunge. Basi uhai wa jengo zima hutegemea kile kiungo kidogo ambacho, siku chache baadaye, hakuna mtu atakayekiona tena.

JINSI MNARA ULIVYOPANDISHWA

Mtindo uliochaguliwa Newham ulitoka Denmark, ambako ulianzishwa mwaka 1948. Kuta na sakafu zote zilikuwa mabamba makubwa ya zege kutoka kiwandani. Hapo mwanzo haukukusudiwa kwa majengo yapitayo ghorofa 6. Huko Canning Town ulitumiwa kwa minara ya ghorofa 22, na minara hiyo ilikuwa 9 katika mtaa mmoja.

Ujenzi wa Ronan Point ulianza tarehe 25 Julai 1966, na jengo likakabidhiwa kwa halmashauri tarehe 11 Machi 1968. Kimo chake kilikuwa futi 210, yaani mita 64. Lilikuwa na makao 110, matano katika kila ghorofa. Watu waliotoka katika nyumba zenye unyevu waliingia wakakuta maji ya moto, bafu, madirisha mapana, na mandhari ya mto hata mbali. Kwao ilikuwa neema.

Mnara huo haukuwa na kiunzi cha nguzo na mihimili. Ukuta ulibeba sakafu. Juu ya ncha za sakafu uliwekwa ukuta wa ghorofa iliyofuata. Juu yake sakafu nyingine. Na hivyo hivyo hata paa. Kila ukuta wa juu ulisawazishwa kwa skrubu na nati zilizotokeza katika ukuta wa chini yake, ili usimame wima. Kisha nafasi iliyobaki chini ya ukuta ilitakiwa ijazwe na mchanganyiko mkavu wa simiti na mchanga, ushindiliwe mpaka ujae kabisa. Baada ya hapo nati zilitakiwa zishushwe, ili uzito wa ukuta utue juu ya simiti yote wala usitue juu ya skrubu mbili tatu. Kwa maneno mengine, jengo lilishikana kwa uzito wake, kwa kukwaruzana kwa zege na zege, na kwa vyuma vichache katika viungo.

Mkulima aliyewahi kupanga magunia ghalani ataifahamu hatari iliyojificha hapo. Karatasi iliyo chini ya magunia 20 haivutiki. Iliyo chini ya magunia 4 huvutwa kwa mkono mmoja. Kadhalika ukuta wa ghorofa ya kwanza, uliolemewa na ghorofa 21, ulikuwa vigumu kusukumwa nje. Ukuta wa ghorofa ya 18 ulilemewa na ghorofa 4 tu.

ALFAJIRI YA TAREHE 16 MEI

Jengo lilikuwa na umri wa miezi miwili tangu kukabidhiwa. Tarehe 16 Mei 1968, yapata saa 12 kasorobo asubuhi, mama mmoja aliyekaa pembeni katika ghorofa ya 18 aliamka, akaingia jikoni kupika chai. Usiku ule gesi ilikuwa imevuja. Nati ya shaba iliyounganisha mpira wa gesi na jiko lake ilikuwa dhaifu kuliko kipimo, nayo ilikuwa imevunjika. Alipowasha kiberiti, gesi ililipuka. Mama huyo alitupwa chini, lakini alipona.

Mlipuko ulisukuma nje kuta za pembe ya jengo. Kuta hizo ndizo zilizobeba ncha za sakafu ya ghorofa ya 19. Sakafu hiyo ilikuwa kama mtu aliyenyang'anywa kigoda akiwa ameketi: haikuwa na chuma cha kuining'iniza, wala ukuta mwingine wa kuipokea. Ikaanguka, na pembe za ghorofa zote za juu yake zikaanguka pamoja nayo. Uzito huo ulipoipiga sakafu ya ghorofa ya 18, nayo ikakatika, ikaipiga ya 17, na ya 17 ikaipiga ya 16. Hivyo pembe nzima ya mnara iliporomoka tangu paa hata chini kabisa.

Watu 4 walikufa na 17 waliumia. Hesabu ingaliweza kuwa kubwa mara nyingi. Pembe iliyoanguka ilikuwa zaidi ya vyumba vya kukaa, na saa ile wapangaji wengi walikuwa wangali wamelala katika vyumba vya kulala, ambavyo kwa sehemu kubwa vilisalia. Tena baadhi ya makao ya juu yalikuwa hayajapata wapangaji. Kulipopambazuka vizuri, watu wa Canning Town waliona jengo jipya likiwa limekatwa pembe yake kama mkate, na vitu vya watu vikionekana wazi hewani.

WACHUNGUZI WALISEMA NINI

Serikali iliteua baraza la uchunguzi likiongozwa na mwanasheria Hugh Griffiths, pamoja na maprofesa wawili wa uhandisi, Sir Alfred Pugsley na Sir Owen Saunders. Ripoti yao ilitolewa mwaka ule ule wa 1968.

Jambo lililowashangaza wengi ni hili: mlipuko haukuwa mkubwa wa ajabu. Ulikuwa wa namna iwezayo kutokea katika nyumba yo yote yenye gesi. Ukuta wa nje ulitoka mahali pake kwa msukumo wa karibu tani 2 kwa kila mita mraba, na hilo ni dogo kwa ukuta wa zege. Bamba halikushindwa, zege lenyewe lilikuwa na nguvu za kutosha. Kilichoshindwa ni kiungo. Wachunguzi walionya pia kwamba kanuni ya upepo iliyofuatwa ilikuwa ya mwaka 1952, nayo haikuhesabu sawasawa nguvu za upepo upigao juu ya jengo refu namna ile. Kwa hiyo upepo mkali nao ungaliweza kuleta maafa ya namna hiyo, hata kama gesi isingalikuwamo.

Ajabu nyingine ni kwamba mnara ulikuwa umejengwa bila kuvunja kanuni iliyokuwapo. Hakuna kanuni iliyouliza swali hili jepesi: ukuta mmoja ukiondoka, mzigo uliokuwa juu yake utapita wapi?

Ndipo sheria ilipobadilishwa. Marekebisho ya Kanuni za Majengo yaliyoanza kutumika mwaka 1970 yaliagiza kwamba jengo la ghorofa 5 au zaidi lisiporomoke kupita kiasi kwa ajili ya ajali ya mahali pamoja. Mhandisi alipewa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuonyesha kwamba kibebeo kimoja kikiondolewa, mzigo utapata njia nyingine ya kushuka, na sehemu itakayoanguka itakuwa ndogo, isiyopita mita mraba 70 au asilimia 15 ya ghorofa. Njia ya pili, kwa kibebeo kisichoweza kuondolewa hivyo, ni kukifanya kiwe na nguvu za kustahimili msukumo wa kilonyutoni 34 kwa kila mita mraba, yaani karibu tani 3 na nusu.

Tangu siku hizo sakafu za kiwandani hufungwa kwa namna nyingine. Nondo hupitishwa kuzunguka ukingo wote wa ghorofa kama mshipi. Nyingine hupitishwa kutoka bamba hadi bamba juu ya ukuta, na nyingine husimama wima kutoka ghorofa hadi ghorofa. Nafasi kati ya mabamba hujazwa zege, na mara nyingi juu ya mabamba yote humwagwa tabaka jembamba la zege lenye wavu wa chuma. Kwa njia hiyo vipande vilivyofika vikiwa vimetengana hufanywa kuwa kitu kimoja. Ukuta ukiondoka, sakafu hulegea na kuning'inia, lakini haidondoki upesi, na watu hupata nafasi ya kutoka.

YALIYOKUTWA NDANI YA VIUNGO

Ronan Point haikubomolewa baada ya ajali. Pembe yake ilijengwa upya, viungo viliongezewa vyuma, gesi ikaondolewa, na wapangaji wakarudi. Lakini wasiwasi haukwisha. Msanifu wa majengo aitwaye Sam Webb aliendelea kwa miaka mingi kusema kwamba ubaya wa jengo ulikuwa haujafunuliwa wote. Wapangaji nao walieleza habari za nyufa na nafasi kati ya sakafu na kuta. Mwaka 1984 halmashauri iliamua kuwahamisha watu, na mwaka 1986 kazi ya kuliondoa jengo ikaanza.

Hapo pana jambo la kusifiwa. Mnara haukuangushwa kwa baruti, kama ifanywavyo mara nyingi. Ulifunguliwa ghorofa kwa ghorofa, bamba kwa bamba, ili viungo vionekane. Na vilipoonekana, maneno ya walioshuku yalithibitika. Mahali palipotakiwa kushindiliwa simiti palikuwa na nafasi tupu. Mahali pengine palikuwa pamejazwa takataka na karatasi za magazeti. Baadhi ya nati za kusawazishia hazikushushwa kamwe, hata uzito wa kuta ukawa umetua juu ya skrubu zile zile zilizokusudiwa kuwa msaada wa muda tu, na zege lililozunguka likapasuka.

Yafaa kufikiri kidogo juu ya fundi aliyefanya hivyo. Alikuwa juu angani, katika baridi na upepo wa London, akifanya kazi ambayo hakuna mpangaji atakayeiona, na msimamizi wake akihimiza ghorofa ya pili. Aliyepanga ratiba alihesabu mabamba yaliyopandishwa kwa siku. Hapakuwa na hesabu ya viungo vilivyojazwa. Kosa halikuwa la mkono wa fundi peke yake. Kazi iliyofichwa kabla ya kukaguliwa ni sawa na kazi isiyofanywa, maana hakuna awezaye kushuhudia kwamba imefanywa.

Minara mingine 8 ya mtaa huo ikafuata njia hiyo hiyo ya kuondolewa, na mahali pake zikajengwa nyumba za chini. Hata hivyo habari haijafungwa. Mwaka 2017 minara 4 ya ghorofa 14 katika mtaa wa Ledbury huko Peckham, kusini ya London, iliyojengwa kwa mtindo wa mabamba makubwa, ilichunguzwa ikaonekana kwamba nguvu zake hazikuaminika kama gesi ingelipuka. Gesi ilikatwa upesi, na wapangaji wakaanza kuhamishwa. Karibu miaka 50 ilikuwa imepita tangu Ronan Point, na bado kulikuwa na viungo ambavyo havikuwa vimetazamwa.

KOSA SI LA BAMBA

Mtu akiisoma habari hii angeweza kusema, basi sakafu za kiwandani ni mbaya, tuziache. Hilo lingekuwa kosa. Yatosha kutazama mji wa Leninakan huko Armenia, ambao sasa huitwa Gyumri. Tarehe 7 Desemba 1988 tetemeko la ardhi liliupiga mji huo na mji wa Spitak, na watu wasiopungua 25,000 wakafa katika nchi hiyo. Majengo mengi ya ghorofa 9, yenye nguzo za zege na sakafu za mabamba yenye mashimo ambayo hayakufungwa vema, yaliporomoka yakawa marundo. Lakini majengo ya mabamba makubwa ya ukuta na sakafu, yaliyofungwa pamoja kwa vyuma, yalisimama katika mji ule ule. Yote yalitoka viwandani. Tofauti ilikuwa katika jinsi vipande vilivyounganishwa.

Nchini Kenya nako sakafu za namna hii zimeingia. Katika Nairobi na miji mingine hutumika mihimili myembamba ya zege itokayo kiwandani, ikapangwa sambamba, na matofali yenye matundu yakalazwa kati yake, kisha zege na wavu wa chuma juu. Wenye viwanja huipenda kwa sababu hupunguza mbao na miti ya kushikilia, na kazi huenda mbio. Ni vyema ikumbukwe kwamba kanuni za ujenzi zilizotumika Kenya kwa zaidi ya miaka 50 zilikuwa za mwaka 1968, mwaka ule ule wa ajali ya Canning Town, kabla Uingereza haijayaandika mafunzo yake katika sheria. Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya mwaka 2024 ndiyo iliyokuja kuchukua mahali pake.

Lakini kanuni haipandi ngazi ikachungulia kiungo. Mtu ndiye apandaye. Kwa hiyo mwenye kujenga ghorofa kwa mabamba au mihimili ya kiwandani yampasa aulize mambo machache kabla ya kulipa. Je, ncha ya bamba imelala juu ya ukuta kwa urefu ulioandikwa katika mchoro, au imeshika ukingo tu? Je, nondo za kufunga bamba na bamba zimewekwa zote? Je, nafasi za viungo zimesafishwa na kujazwa, na ni nani aliyezitazama kabla ya zege la juu kumwagwa? Je, mhandisi aliyechora ameweka sahihi yake kwa kazi iliyofanywa, si kwa mchoro tu? Maswali hayo hayana gharama, na fundi mwaminifu hayachukii.

Wazee walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wapangaji wa Ronan Point waliingia ndani wakakuta maji ya moto na madirisha mapana, na yote yalikuwa mazuri kweli kweli. Kwao ubaya ulikuwa ndani zaidi, mahali ambapo mpangaji hana ufunguo wa kufungua. Mwenye ufunguo huo ni yule aliyekuwapo siku kiungo kilipokuwa wazi bado, naye hana budi kukitazama siku hiyo, maana kesho yake kitakuwa kimefunikwa.